Shajara ya mradi: turbo ya mapezi kwenye 1HZ isiyo na kompyuta

5 Julai, gereji, Ngamiani

Gari lililoletwa ni Land Cruiser pikapu, HZJ79, injini ya 1HZ. Silinda sita, cc 4,164, kiwandani ilitoka bila turbo. Mwenyewe anashusha mboga za Lushoto kuja sokoni Tanga mjini, akirudi anapandisha saruji. Kilio chake ni kile kipande cha Mombo kwenda Soni: gia ya pili, mguu umekanyaga mpaka chini, moshi mweusi nyuma, na Fuso zinamwashia taa apishe.

Kaja na turbo yake kwenye kiroba. Ni Garrett iliyotolewa kwenye Nissan Navara ya lita 2.5, kainunua Ilala kwa wauza spea za mtumba. Bosi wetu, ambaye gereji nzima tunamwita Mzee, akaigeuza, akachungulia upande wa eksozi, akasema: "Hii ina mapezi. Kwenye Navara kompyuta ndiyo ilikuwa inaiamrisha. Huku ataiamrisha nani?"

Kuifunga si kazi ya kuandikia shajara. Bamba la kuungia kwenye manifoldi litachongwa, mrija wa oili utavutwa, sampo itachomelewa mdomo wa kurudishia oili, na mafundi wa kazi hiyo Tanga wapo tele. Swali la Mzee ndilo mradi wenyewe.

Kwa asiyeijua: turbo ya kawaida ina kivalvu pembeni. Busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini, ikifika kiwango chake, kivalvu kinafunguka na sehemu ya moshi inapita kando bila kuzungusha turbaini, lile gurudumu la upande wa moshi linaloendesha kompresa ya hewa. Hii haina njia ya kando. Ina vijipezi vilivyopangwa duara kuizunguka turbaini, vyote vimeshikana na pete moja, na pete inasogezwa na mkono mdogo ulio nje. Vikijibana, njia ya moshi inakuwa nyembamba na moshi unaingia kwa kasi, kama mtu anapobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole. Vikiachia, moshi unapita kwa ulaini. Mizunguko ya chini unabana, ya juu unaachia. Ukibana wakati wa kuachia, turbo inazunguka kupita uwezo wake na manifoldi ya eksozi inajaa presha inayosukuma pistoni kinyume.

6 Julai

Mzee anauliza kwa nini tusimtafutie mteja turbo ya kawaida tumalize mapema. Jibu langu ni pampu ya dizeli. Injini za zamani zilizotoka na turbo zina pampu yenye kikombe juu yake. Kikombe kinahisi busti, na busti ikiwa ndogo kinaizuia pampu isimwage dizeli yote. Pampu ya 1HZ haina kikombe hicho. Ukiikaza ile skrubu ya dizeli ili mlimani kuwe na nguvu, inaongeza dizeli hata pale turbo haijaamka, na hapo ndipo gari linatoa wingu jeusi na joto la eksozi linapanda. Turbo ya mapezi inaleta hewa mapema, karibu tangu mizunguko 1,400 kwa dakika. Kwa kuwa pampu haijui kusubiri hewa, hewa ndiyo iwahi.

Kakubali kwa kichwa tu, hakusema neno.

8 Julai

Kabla ya kukata chuma nimepiga hesabu ya hewa, maana turbo ya lita 2.5 kwenye injini ya lita 4.2 inatia shaka. Injini ya mipigo minne inavuta ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,800 hiyo ni lita 7,900 na ushei kwa dakika, na kwa kuwa silinda hazijai kabisa nimechukua asilimia 85: lita 6,700. Nikiweka busti ya baa 0.55, nikakumbuka kwamba hewa ikibanwa inapata joto na kutanuka, nafika kwenye kilo 10 za hewa kwa dakika. Navara yenyewe, farasi wake wote 174 wakiwa kazini kwenye mizunguko 4,000, inahitaji karibu kilo 11. Kwa hiyo inatosha, ila imefika ukutani. Anayetaka busti ya baa moja juu kabisa atafute turbo kubwa zaidi.

Na 1HZ haitaki makuu hata hivyo. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli inaanzia kuwaka ndani ya vyumba vidogo vya kwenye silinda hedi, si juu ya pistoni. Hedi ndiyo inayobeba joto, nayo ikichoka inapasuka. Tumekubaliana 0.55.

12 Julai

Turbo imefunguliwa. Shafti haina mchezo wa kwenda mbele na nyuma, wa pembeni ni kidogo unaokubalika. Ila pete ya mapezi imeganda. Masizi yamechanganyika na kutu, na hewa yetu ya chumvi inamalizia kazi. Kijana wetu alitaka kuisukuma kwa bisibisi, nikamzuia mkono. Imelowekwa kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kisha brashi ya waya laini, pezi moja moja, mpaka pete ikawa inateleza kwa kidole.

Skrubu ndogo ya kikomo inayozuia mapezi yasijibane kupita kiasi hatukuigusa. Kiwandani hupangwa kwenye mashine ya kupimia upepo, na ukiizungusha hakuna geji Tanga nzima itakayokurudishia mahali ilipokuwa. Nimeipiga alama ya rangi nyeupe ili mtu akiichokoza ijulikane.

15 Julai

Siku ya ubishi, na kwangu ndiyo siku iliyoamua mradi.

Turbo ilikuja na kopo lake la vakyumu, yaani linalofanya kazi kwa kunyonywa hewa. Vakyumu ikiingia, fimbo inavutwa ndani na mapezi yanajibana. Vakyumu ikikosekana, springi inasukuma fimbo nje na mapezi yanaachia. Mimi nataka kulitumia hilo hilo, vakyumu yake igawiwe na kompyuta ndogo. Mzee ana njia yake, inayofanya kazi na ambayo mafundi wengi wameitumia: ng'oa kopo la vakyumu, funga kopo la presha la turbo ya kawaida. Fimbo yake inapumzika ikiwa ndani, yaani mapezi yamebana. Busti ikipanda inaingia kwenye kopo kwa mpira, inasukuma fimbo nje, mapezi yanaachia. Mkono hata haubadilishwi upande. Hakuna waya, hakuna sensa, hakuna programu. "Mwanangu, kitu kisicho na waya hakina shoti," anasema.

Tukalijaribu mezani kwa hewa ya kompresa yenye regyuleta. Fimbo ilianza kutembea kwenye baa 0.3 na ikafika mwisho kabla ya 0.7. Pole pole, vizuri kabisa. Kisha nikamwomba Mzee auchomoe mpira. Fimbo ikarudi ndani, tak.

"Hapo tupo kona za Soni," nikamwambia, "mizunguko 3,000, mzigo nyuma, na mpira umechomoka. Mapezi yamebana yote. Dereva anajuaje?"

Dereva hajui. Atasikia gari limepata nguvu za ajabu kwa muda mfupi, basi. Kwa kopo la vakyumu mpira ukichomoka mapezi yanaachia, gari linakuwa zito kama lilivyokuwa jana, na dereva anarudi gereji kulalamika. Nataka mteja anayelalamika.

Mzee kaliweka kopo lake kabatini. Sharti lake moja: niongeze boliti ya kikomo upande wa kubana, chuma kwa chuma, ili hata programu ikichanganyikiwa mkono usipite pale. Nimelikubali, tena ni sharti zuri kuliko alivyojua, kama itakavyoonekana.

19 Julai

Vakyumu inatoka kwenye pampu ile ile inayosaidia breki, na hapa sina utani. Valvu ya umeme inayogawa vakyumu hunyonya hewa kidogo kila wakati. Ndiyo kazi yake, inachanganya vakyumu na hewa ya nje. Kwa hiyo tawi la turbo nimelitoa upande wa pampu, kabla ya ile valvu ya njia moja ya kwenye mpira wa sevo, kile kisaidizi cha breki. Namna hiyo hata mpira wa turbo ukipasuka, vakyumu iliyohifadhiwa kwenye sevo haiibiwi. Kwenye tawi nimeweka kitungi kidogo chenye valvu yake ya njia moja, la sivyo kila ukikanyaga breki mapezi yangekuwa yanayumba.

Jaribio: injini sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, geji ya vakyumu inasoma baa 0.87. Nimeuchomoa mpira wa turbo makusudi, nikazima injini, nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa laini mara ya kwanza na ya pili kama kawaida, kisha ikaanza kukaza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama ingekuwa ngumu tangu mwanzo, mradi ungeishia hapa.

22 Julai

Ubongo ni Arduino Nano, ile bodi ndogo wanayojifunzia wanafunzi. Nimeipa vitu vinne vya kusoma.

Busti inasomwa na sensa ya MPX4250, inayopima presha kamili kuanzia kilopaskali 20 hadi 250, siyo ile iliyozidi hewa ya nje. Funguo likiwa oni na injini imezima, hapa usawa wa bahari inatoa volti 1.8, ambayo ni kilopaskali 101. Ukiipata namba hiyo ujue waya zako ziko sawa. Mguu unasomwa na potensiometa iliyofungwa kwenye mkono wa pampu. Mizunguko inatoka kwenye waya wa mita ya dashibodi. Joto la eksozi linapimwa na waya wa kuhisi joto wa aina ya K uliozamishwa kwenye manifoldi kabla ya turbo, kupitia chipu ya MAX6675. Chipu hiyo inatoa jibu jipya mara nne hivi kwa sekunde, kwa hiyo inafaa kuonya, haifai kuendesha.

Valvu ya umeme inapenda kuwashwa na kuzimwa kati ya mara 250 na 300 kwa sekunde. Arduino ikiachwa ilivyo inatoa 490, na kwa kasi hiyo valvu inapata moto na kujibu kwa uvivu. Nimeipanga saa ya ndani: megahezi 16, gawanya kwa 8, ihesabu kupanda hadi 3,333 kisha kushuka. Inatoka 300 kamili. Transista ni IRLZ44N, na daiodi imelazwa kinyume juu ya valvu ili teke la koili lisiue transista.

26 Julai

Turbo imefungwa. Haivuji oili. Mapaipu ya hewa tumeunganisha kwa mipira ya silikoni na klipu za boliti.

29 Julai, Tanga hadi Muheza

Programu ya kwanza niliipa shabaha moja, busti 0.55, nikaiacha ijisahihishe yenyewe: ikipungua bana, ikizidi achia. Kabla hatujafika Pongwe gari lilikuwa linapumua. Nguvu inakuja, inakata, inakuja, inakata. Sababu ni uchelewaji: valvu, mpira, kopo, kisha turbaini ipate kasi, programu inasahihisha jambo lililokwisha kupita.

Dawa yake inajulikana. Mapezi yapangwe kwanza kwa jedwali, mizunguko upande huu na mguu upande ule, kila chumba kina namba yake ya kubana. Kujisahihisha kubaki na ruhusa ndogo tu, asilimia kumi juu au chini. Tumerudi Tanga gari limetulia. Mguu ukiachiwa jedwali linafungua mapezi yote.

Jambo jingine: kwenye 1,400 ukiikanyaga gia ya nne, turbo inatoa mlio wa kupepesuka, fyu-fyu-fyu, kwenye bomba la hewa. Kompresa inasukuma hewa ambayo injini haijawa tayari kuimeza, nayo inarudi. Ukiuacha mlio huo uendelee unakula beringi. Nimepunguza kubana kwenye vyumba hivyo vya jedwali, umekwisha.

2 Agosti

Leo nimepima kitu ambacho wengi wanakiruka. Kila mtu ana geji ya busti. Presha ya eksozi kabla ya turbo haipimwi, na kwa turbo ya mapezi hiyo ndiyo inayosema ukweli. Tumetoboa manifoldi, tumeunga kibomba cha shaba cha friji, tumekisokota mizunguko kadhaa ili moshi upoe, mwishoni geji ya kawaida. Kijana kakaa kiti cha abiria na daftari.

Mizunguko 1,600, mguu chini: busti 0.45, eksozi 0.95. Yaani ili kuipa injini kimoja tunaikaba kwa viwili. Dereva anaona sindano ya busti imepanda, anafurahi, kumbe sehemu ya kazi ya pistoni inakwenda kusukuma moshi.

Ukifikiri, ni lazima iwe hivyo. Injini ya lita 4.2 ikiwa kwenye 1,600 inatoa moshi kama wa Navara ikiwa karibu na 2,700. Hakuna haja ya kubana kama Navara inavyobana ikianza kuondoka. Hapo ndipo boliti ya Mzee ilipopata kazi. Tuliikaza ndani kidogo kidogo, tukipima kila mara, mpaka busti ikawa 0.40 na eksozi 0.60. Tumepoteza sehemu ndogo ya busti, gari limekuwa jepesi zaidi, na joto la eksozi limeshuka kwa nyuzi 40 hivi. Mzee alipoambiwa akauliza kama programu yangu ingeligundua hilo peke yake. Isingeligundua, haina sensa huko.

Mizunguko 3,000: busti 0.55, eksozi 0.75. Naishi na hiyo.

9 Agosti, Mombo hadi Lushoto

Mzigo wa saruji, Mzee mbele, mimi katikati na kompyuta mapajani, mwenye gari kwenye usukani. Mombo tulianza kupanda gia ya tatu, na gia ya tatu ikaendelea mahali ambapo mwenyewe anaapa hajawahi kuiona. Kwenye kona kali za kabla ya Soni anashuka ya pili, anapandisha tena. Moshi hakuna wa kusemea. Joto la eksozi lilikaa kati ya nyuzi 560 na 620.

King'ora kimepangwa kulia kwenye 650. Kuna wanaotaka programu ifungue mapezi joto likizidi, mimi sitaki. Dizeli inaamuliwa na mguu wa dereva, na ukifungua mapezi wakati dizeli ni ile ile, hewa inapungua na joto linaweza kupanda zaidi. Kilie, dereva apunguze mguu.

Lushoto mjini, baridi na ukungu, tulizima injini tukawasha funguo tu. Sensa ikasoma kilopaskali 86. Huko ni mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hapo nikaona jambo la kurekebisha mapema: shabaha yangu imeandikwa kwa presha kamili, kilopaskali 156. Tanga hiyo ni kuizidisha hewa ya nje mara 1.55, Lushoto ni mara 1.81. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufika pale pale, na kompresa ambayo hesabu ya tarehe 8 ilisema iko ukutani, huku juu inameza hewa nyepesi yenye ujazo mkubwa zaidi kwa kila kilo. Inaishia kupasha hewa joto tu, na intakula, kipoozeo cha hewa hiyo, hatuna.

Nimeandika upya kwenye baraza la mgahawa, chai ya tangawizi pembeni: funguo likiwashwa, kabla injini haijawaka, programu isome hewa ya nje na kuikumbuka. Shabaha ibaki 156 mradi haizidi hewa hiyo mara 1.65. Kwa Lushoto inakuwa 142. Dereva anayewashia gari Mombo na kupanda moja kwa moja atakuwa na kumbukumbu ya Mombo, kwa hiyo kila mguu ukiachiwa kabisa na mizunguko ikiwa ya sailensa, isome tena. Turbo ikiwa imelala, presha ya ndani ni karibu sawa na ya nje.

16 Agosti

Bodi imetiwa kwenye boksi la plastiki na kumiminiwa epoksi, waya zimepita ndani ya mpira wa bati. Boksi liko ndani ya kabini nyuma ya kabati la glavu. Kwenye injini unyevu wa Tanga ungeimaliza kabla ya mwaka. Fyuzi yake ni ya peke yake. Ukiichomoa, gari linatembea na mapezi wazi; tumelijaribu hadi Pongwe na kurudi, zito lakini salama.

23 Agosti

Mwenye gari kauliza kama tunaweza kufika busti ya baa moja. Nimemwonyesha hesabu ya hewa, akatazama kwa heshima, akauliza tena. Mzee kamjibu kwa kumtajia bei ya silinda hedi mpya.

30 Agosti

Gari limerudi, si kwa sababu ya turbo. Klachi inateleza gia ya nne ikiwa na mzigo. Mizunguko inapanda, gari halipandi. Sahani ilikuwa imechakaa nusu tulipoanza, na nguvu mpya imemalizia. Tumeshusha gia boksi. Tunasubiri sahani na kava yake kutoka Dar, na wakati gia boksi iko chini nabadilisha sili ya nyuma ya kranki, maana ilishaanza kulowa.